Picha Kabla Haijawa Picha

Wasee, leo tuongee kuhusu picha unayotumiwa kwa chati, lakini tuiangalie sekunde moja kabla uione. Wakati huo haina sura, haina rangi, haina filta. Ni baiti tu, namba zimepanga foleni, na kuna kipande cha programu kimezishika na lazima kiamue: nizifungue, ama niziweke tu vile zilivyo?

Historia ya chati huwa tunapewa kama historia ya makampuni, nani alinunua nani kwa bilioni ngapi. Hiyo ni sawa, lakini mimi naona historia yenye uzito iko kwa hilo swali dogo la baiti. Kuna watu simu zao zilichunguzwa mpaka ndani kabisa kwa sababu mahali fulani swali hilo lilijibiwa vibaya.

Tuanzie Marekani, 1998. Mark Spencer, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Auburn, aliandika programu inaitwa Gaim ili watu wa Linux waweze kuchati kwa AIM, mtandao wa kampuni ya AOL. Jina likaleta mvutano na AOL, na mwaka 2007 Gaim ikabatizwa Pidgin. Madirisha na vitufe unavyoona vikabaki na jina la Pidgin, na injini ya ndani, ile inayoongea na mitandao, ikaitwa libpurple. Hiyo ndiyo watu wa kompyuta huita maktaba ya msimbo: kazi zimeandikwa tayari, programu nyingine inakuja kuzitumia badala ya kuanza upya.

Na kweli zilikuja. Adium ya kompyuta za Mac ilitumia libpurple. Finch pia, na Finch ndiyo inanibamba zaidi, kwa sababu inakaa ndani ya terminali, ile skrini ya maandishi matupu. Jaribu kufikiria uko kwa nafasi ya mtu anayeandika hiyo injini. Rafiki ametuma picha. Pidgin ina vifaa vyake vya kuichora. Adium ina vifaa vya Mac. Finch haina mahali pa kuiweka kabisa. Ukiifungua ndani ya injini na kuigeuza kuwa pikseli, unamfanyia nani hiyo kazi?

Wakaamua injini isiifungue. Ndani ya libpurple kuna stoo ya picha, na kazi yake ni kama ile kaunta ya mizigo mlangoni mwa supamaketi. Unaacha begi, unapewa kibao cha namba, hakuna mtu anafungua zipu. Stoo inapokea baiti, inaambiwa ziko ngapi, inarudisha namba. Kwa meseji yenyewe kunabaki alama ndogo tu, kama kusema "picha nambari 3 ikae hapa". Kila sehemu ya programu inayotumia hiyo picha inaongeza hesabu moja, ikimaliza inatoa moja. Hesabu ikifika sifuri, baiti zinafutwa kwa kumbukumbu. Ukisahau kutoa, kumbukumbu inajaa polepole. Ukitoa mara mbili, programu inashika mahali ambapo tayari pamefutwa, na hapo lolote linaweza kutokea. Mwaka 2019 WhatsApp ya Android ilikuwa na shimo la aina hiyo, kumbukumbu ile ile kuachiliwa mara mbili, kwa sababu ya maktaba ya GIF waliyoazima kwa watu wengine.

Sasa, bila kufungua, libpurple inajuaje hii ni picha gani? Inachungulia herufi za mwanzo. Faili ya GIF huanza na GIF8. PNG ina baiti moja ya ajabu halafu PNG. BMP huanza na BM. Ikikutana na kitu haikijui, inakiita tu "icon" na maisha yanaendelea. Na ikihifadhi DP ya rafiki yako kwa diski, haitumii jina alilotuma. Inazipitisha baiti kwa hesabu inayoitwa SHA-1, inapata mfuatano mrefu wa herufi na namba, hilo ndilo jina la faili. Marafiki wawili wakiwa na DP ile ile, inahifadhiwa mara moja. Mimi naona hiyo ni akili sana kwa kitu kidogo hivyo.

Jabber ilikuwa na kichwa kingine cha kuuma. Ule mtandao wazi ulioanzishwa na Jeremie Miller, ukatangazwa 1999, kila kitu ndani yake husafiri kama maandishi. Baiti za picha haziwezi kupita hapo zikiwa uchi, zinavunja maandishi. Kwa hivyo zinageuzwa kuwa herufi za kawaida: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Yaani picha inanenepa kwa theluthi kabla hata itoke nyumbani. Ndiyo maana mwongozo wao wa DP ulisema picha iwe chini ya kilobaiti 8, na upana kati ya pikseli 32 na 96. Kilobaiti 8! Stika moja isiyosonga ya WhatsApp inaruhusiwa kukaribia 100. Halafu ukiingia mtandaoni hukuwa unatuma picha, unatuma ile alama ya SHA-1 pekee. Programu ya rafiki ikiona alama inayoijua, inatumia picha iliyonayo. Ikiona mpya, ndiyo inaomba. Hao watu walihesabu bando la mwenzao kama lao.

Lakini nisiwafanye malaika. Desemba 2009, kwa mkutano wa wadukuzi Berlin, Fabian Yamaguchi alionyesha shimo kwa libpurple, upande wa MSN. MSN ilikuwa inakuruhusu kuwa na vikatuni vyako mwenyewe vya hisia. Ukinitumia kimoja ambacho sina, programu yangu inaiomba yako hiyo faili kwa jina, na libpurple inaituma. Shida ni kwamba haikuwa inauliza kama kweli jina hilo ni la kikatuni. Mtu angeweza kuandika nukta mbili na mkwaju, apande nje ya folda ya vikatuni, aombe faili yoyote unayoweza kusoma. Na Pidgin ilikuwa inaweka nywila zako kwa faili ya maandishi ya kawaida, bila kufuli. Baiti ni baiti, injini ikazipakia na kuzituma. Adium nayo ikawa wazi, kwa sababu walikuwa wanatumia injini moja. Januari 2010 toleo 2.6.5 likaziba.

Tofauti kubwa na leo ni kwamba simu haiishi kama Finch. Simu inataka kukuonyesha kila kitu kabla uguse. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa kabisa, kila pikseli baiti 3, inakula megabaiti 36 za kumbukumbu, kwa hivyo lazima kuwe na msimbo mwingi wa kufungua, kupunguza, kukunja tena. Na huo msimbo unafanya kazi juu ya baiti zilizoandikwa na mtu usiyemjua.

Septemba 2021, Citizen Lab wa chuo kikuu cha Toronto walitangaza walichokipata kwa simu ya mwanaharakati mmoja wa Saudia. Shambulio waliliita FORCEDENTRY, na wakalihusisha na NSO Group, wale wa Pegasus. Faili zilikuja kwa iMessage zikiwa na mwisho wa .gif. iMessage ilitaka kitu kidogo tu, kuzifanya GIF zizunguke bila kusimama. Lakini maktaba ya picha haikuangalia jina, iliangalia herufi za mwanzo, ikaona ni PDF, ikaifungua kama PDF. Ndani yake kulikuwa na picha za JBIG2, mfumo wa zamani wa kukunja kurasa za skana, na msimbo wake ulikuwa na kosa la hesabu. Watu wa Project Zero wa Google walipochambua Desemba hiyo, walikuta amri zaidi ya 70,000 zimepangwa mpaka zikaunda kompyuta ndogo ndani ya picha. Mwenye simu hakugusa kitu.

Angalia vizuri: kuchungulia herufi za mwanzo, hiyo ni mbinu ile ile ya libpurple. Libpurple ilichungulia ikaandika jina. Simu ilichungulia ikafungua.

Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya libwebp, maktaba ya picha iliyokuwa ndani ya Chrome na programu kibao za chati, nyingi zikakimbilia kiraka. Na kabla useme haya ni mambo ya Saudia, ripoti ya Citizen Lab ya 2018 iliorodhesha nchi 45 ambako walishuku kuna simu zenye Pegasus. Kenya iko kwa hiyo orodha.

Baada ya FORCEDENTRY, Apple walifanya kitu ambacho Finch ingeelewa. Tayari walikuwa na chumba kilichofungwa kinaitwa BlastDoor, cha kufungulia meseji mbali na simu nzima, lakini ile kazi ya kuzungusha GIF ilikuwa inafanyika nje yake. Kuanzia iOS 15, GIF nazo zinafunguliwa ndani ya chumba hicho.