Ukubwa wa Chembe na Tabia ya Maji Udongoni

Kupima moja kwa moja jinsi udongo unavyoyashika maji na unavyoyapitisha ni kazi ya majuma mengi na vyombo vya gharama, kwani kila sampuli sharti ikamuliwe kwa mgandamizo unaopandishwa hatua kwa hatua hadi kilopaskali 1500, kiwango ambacho aghalabu mimea hunyauka isiinuke tena. Ilhali kujua fungu la mchanga, la tope na la mfinyanzi ni jambo la siku chache tu. Si ajabu, basi, kwamba tangu Briggs na McLane wa Marekani walipochapisha utafiti wao mwaka 1907, wataalamu wamekuwa wakilikisia lile gumu kwa hili jepesi, kwa kanuni ambazo Mholanzi Johan Bouma, mwaka 1989, aliziita za pedotransfa.

Mantiki yake ni madhubuti. Chembe za mfinyanzi, ambazo hazifiki milimita 0.002, huacha baina yao vijitundu vyembamba mno, na mrija ukipunguzwa upana kwa nusu, maji yapitayo kwa msukumo ule ule hupungua mara 16.

Walakini mantiki hiyo hudhania kwamba kila chembe imekaa peke yake, na hapo ndipo ardhi zetu zinapokaidi. Katika udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya, ambao mara nyingi zaidi ya nusu yake ni mfinyanzi, madini ya chuma huzigandamanisha chembe zikawa punje ndogo imara, hata mvua ikashuka kati ya punje hizo kana kwamba yapita mchangani, na sehemu kubwa ya maji yaliyobaki ndani ya punje ikazuiliwa kwa nguvu isiyoshindwa na mizizi. Jedwali lisemalo kuwa mfinyanzi hupitisha polepole na kuweka akiba kubwa hukosea hapa mara mbili. Hodnett na Tomasella, walipolinganisha mwaka 2002 udongo wa tropiki na ule wa nchi za baridi kiasi, walibainisha kwamba kanuni za huko hazifai kuchukuliwa hivi hivi.

Udongo mweusi wa mbuga, nao, waweza kuwa na fungu lile lile la mfinyanzi, lakini wa jamii nyingine: ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza maji ya mvua ya kwanza, ukilowa huvimba na kuziba kabisa. Na hawa wawili si majirani wa mbali. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, alipokuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, miaka ya 1930, alionyesha jinsi udongo wa namna mbalimbali unavyofuatana kwenye mteremko mmoja, toka kilele hadi bondeni.

Kwa hiyo naona ni dhuluma kwa mkulima kumchorea mifereji kwa kutegemea asilimia za chembe pekee. Angalau aina ya mfinyanzi, mboji, na uzito wa udongo kwa ujazo wake viingizwe katika hesabu, na sampuli chache za mteremko wenyewe zipimwe maabara kabla ya kanuni kuaminiwa.