Tamasha la Kinshasa la Mwaka 1974 na Mikanda Iliyochelewa

Neno tamasha lilitufikia kutoka mashariki, likiwa limepitia vinywani mwa Waajemi, na maana yake ya zamani katika Kiswahili ni jambo la kutazamwa kwa furaha. Twaanza na neno hili kwa sababu habari tutakayoieleza ni ya tamasha ambalo, kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wengi walilisikia tu bila kulitazama. Wanafunzi wetu, ambao siku hizi hutazama muziki wa dunia nzima kwa simu zao, hutuuliza: yawezekanaje jambo kubwa vile lifichike? Katika makala hii tutajaribu kuwajibu.

Kiangazi cha Kinshasa

Mwaka 1974 nchi iitwayo leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa ikiitwa Zaire. Rais Mobutu Sese Seko alikuwa ameshika siasa ya kurudia asili: jina la nchi lilibadilishwa mwaka 1971, na baadaye wananchi wakatakiwa kuacha majina ya kizungu. Mwimbaji aliyejulikana kama Rochereau akawa Tabu Ley, na Franco akajiita Luambo Makiadi, ingawa mashabiki hawakuliacha jina la kwanza.

Katika hali hiyo serikali ilikubali kugharimia pambano la ndondi kati ya George Foreman na Muhammad Ali, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5. Pambano lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni, pamoja na mwenzake Stewart Levine wa Marekani, waliandaa siku tatu za muziki zilitangulie. Siku chache kabla, Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, na pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wageni wengi waliotarajiwa kutoka ng'ambo hawakuja. Hata hivyo wanamuziki hawakungoja: tamasha lilifanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika uwanja wa michezo wa Tarehe 20 Mei.

Jukwaa moja liliwakusanya watu ambao ni vigumu kuwaona tena pamoja. Kutoka Marekani walikuja James Brown, B.B. King na Bill Withers. Celia Cruz, mzaliwa wa Kuba, aliimba pamoja na Fania All-Stars. Miriam Makeba alikuwapo, na wenyeji walikuwa Franco na bendi yake ya T.P. O.K. Jazz, Tabu Ley na Afrisa, na bibi Abeti Masikini.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba kukutana huku hakukuwa kwa wageni na wenyeji wasiojuana. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba zilikuwa zikiuzwa katika miji ya Kongo, na vijana wa huko walizitambua ngoma zake kama mtu atambuavyo sura ya ndugu aliyepotea. Ngoma hizo zilikuwa zimevuka bahari pamoja na watumwa, na sasa zilirudi zikiwa ndani ya sahani za santuri. Kutokana nazo ukastawi muziki wa dansi wa Kongo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2021. Basi Celia Cruz alipopanda jukwaani Kinshasa, wazee waliokuwapo walikuwa wakimsikiliza jamaa yao.

Mikanda ndani ya makopo

Wapiga picha wa filamu, wakiongozwa na Leon Gast, waliyanasa hayo yote. Lakini filamu haikutoka. Fedha zilizokuwa zimeahidiwa zilipungua, kukazuka mabishano juu ya haki ya kumiliki mikanda, na mambo yakafika mahakamani. Filamu ya Gast iitwayo When We Were Kings ilionyeshwa mwaka 1996, yaani miaka 22 baadaye, ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Ni filamu nzuri sana, ila habari yake hasa ni ndondi. Mwaka 2008 ikatoka Soul Power ya Jeffrey Levy-Hinte, ambayo ni ya muziki wenyewe. Nayo ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, huko Kanada. Hata humo wageni kutoka Marekani ndio waliopewa nafasi kubwa. Nyimbo za Franco, Tabu Ley, Abeti na wenzao wa Afrika zilikusanywa na kutolewa katika albamu mwaka 2017, miaka 43 baada ya kuimbwa. Franco alikuwa amefariki mwaka 1989, Abeti mwaka 1994 na Tabu Ley mwaka 2013. Wenye karamu ndio waliopakuliwa mwisho, na walipopakuliwa hawakuwapo.

Funzo kwetu walimu

Hatusemi kwamba mikanda iliibwa. Twasema kwamba yule aliyelipia kamera ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sanduku. Serikali ya Zaire ililipia ngumi; ulinzi wa kumbukumbu iliwaachia wengine.

Nasi wasemaji wa Kiswahili tuna sanduku letu. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 bendi kutoka Zaire ziliweka makao katika nchi jirani: Orchestra Maquis huko Dar es Salaam, Super Mazembe huko Nairobi. Vijana waliozoea kuimba kwa Kilingala walianza kutunga kwa Kiswahili, na Kiswahili kikapata mahadhi mapya. Je, ni shule ngapi zenye maneno ya nyimbo hizo yaliyoandikwa kwa usahihi, pamoja na maelezo ya misemo yake? Waliozicheza nyimbo hizo wakiwa vijana sasa ni babu na nyanya.

Ni kweli kwamba mambo yamesogea. Tamasha la Nchi za Jahazi lilianza Zanzibar mwaka 1998, likiunganisha filamu na muziki ndani ya Ngome Kongwe. Tangu mwaka 2005 Tamasha la Filamu la Rwanda limepeleka sinema hadi vijijini. Lakini tamasha hupita, na wanaobaki na vijana darasani ni walimu. Kwa hiyo twapendekeza zoezi jepesi: kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja mpenzi wa muziki wa dansi, aandike wimbo anaoukumbuka, mahali alipousikia na mwaka wake, kisha daftari lihifadhiwe shuleni. Kazi hiyo haihitaji kamera wala mfadhili. Yahitaji kalamu, na mzee ambaye bado yu hai.