Gharama za Kungoja

Katika biashara ya kununua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza kwa faida, Wamarekani wana istilahi moja inayotaka uangalifu katika kuitafsiri. Ni jina la fedha zote zinazotoka tangu mnunuzi akabidhiwe funguo hadi auze: riba ya mkopo, kodi ya jengo, bima, umeme, maji. Wao wameijenga juu ya kitenzi cha kushika. Tukisema “gharama za kushikilia”, msomaji atadhani nyumba imezuiliwa na benki au mahakama. Napendekeza gharama za kungoja, kwani hicho hasa ndicho kinacholipiwa.

Wenye kazi hii hufuata kanuni ya asilimia 70: bei ya kununua isizidi asilimia 70 ya bei ya kuuzia, ukiondoa gharama za matengenezo. Nyumba itakayouzwa dola 300,000 baada ya matengenezo ya dola 50,000 isinunuliwe zaidi ya dola 160,000. Zile 90,000 zilizobaki si faida yote. Mkopo wa dola 160,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka unakula dola 1,600 kila mwezi, kabla ya kodi, bima na malipo ya dalali.

Na miezi huongezeka kwa mambo madogo. Ukuta uliobomolewa kupitisha nyaya mpya haufunikwi mpaka mkaguzi wa mji auone ukiwa wazi. Akichelewa wiki mbili, fundi wa kuufunika ameshachukua kazi kwingine, wa rangi hana pa kuanzia, na riba haijasimama hata siku moja.

Hata kampuni kubwa imeshindwa. Zillow, kampuni ya Marekani ya matangazo ya nyumba mtandaoni, ilianza kununua nyumba na kuziuza mwaka 2018. Katika robo ya tatu ya 2021 ilinunua nyumba 9,680 na kuuza 3,032 tu. Oktoba ikasitisha manunuzi mapya, kwa kuwa nyumba zilirundikana zikisubiri matengenezo. Novemba ikatangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza takriban robo ya wafanyakazi wake. Kosa kubwa lilikuwa kukadiria bei vibaya, lakini kadiri nyumba inavyokaa ndivyo kosa hilo linavyozidi kuwa ghali.

Kuna pia kungoja kwa kisheria. FHA, idara ya serikali inayodhamini mikopo ya nyumba, haidhamini mkopo wa mnunuzi ikiwa mkataba umesainiwa kabla muuzaji hajamaliza siku 90 za kuimiliki nyumba. Aliyekarabati kwa wiki sita na anayewategemea wanunuzi wa mikopo hiyo huendelea kulipa, huku nyumba yake ikiwa tayari.