Kiporo cha Bujumbura

Mwanafunzi wetu mmoja aliandika katika insha kwamba mama yake huwakaribisha wageni wa asubuhi kwa chai na makombo. Darasa zima lilicheka, naye akainamisha kichwa. Alikuwa amekusudia kiporo. Makombo, neno litokanalo na kukomba, ni mabaki yaliyokwisha kuguswa na mlaji. Kiporo, ambacho wengine hukiita mwiku, ni chakula safi kilichobaki chunguni kikalala. Kirundi nacho hukitajia chakula hicho kitenzi kurara, yaani kupitisha usiku. Mtoto hakukosa adabu. Alikosa neno, na sisi ndio tuliokuwa hatujamfundisha.

Chungu chenyewe kina historia ndefu. Maharage, mahindi na muhogo asili yake ni bara la Amerika. Vilifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari ile. Mpunga ulikuja kwa njia nyingine: katika karne ya 19 misafara ya biashara iliueneza kutoka pwani, kupitia Tabora, hata Ujiji na kando za ziwa Tanganyika. Mawese ni ya kwetu tangu zamani, na Rumonge hadi leo yasifika kwa michikichi. Katika enzi ya Wajerumani, kisha ya Wabelgiji walioutwaa mji mwaka 1916, askari, wapagazi na wachuuzi kutoka pwani, Unyamwezi na Manyema walifanya maskani Usumbura, mji ulioitwa Bujumbura tangu uhuru wa 1962. Kiswahili chao chaendelea kusemwa Buyenzi, na kila nyumba ilikuja na desturi ya chungu chake.

Huko pwani wali uliolala huliwa kwa chai, na wapo wasagao konzi yake pamoja na mchele wa vitumbua. Hapa kwetu maharage ya jana hukaangwa upya kwa mawese na kitunguu, wali ukamiminwa juu yake, na makaa yakawashwa mara moja tu. Anayebakiwa na ndagala, ndio dagaa wa wenzetu, huwatia humo humo. Sombe nayo hukaribishwa. Mchanganyiko huo twautetea bila haya.

Lakini si kila ndoa ya chungu ni halali. Tulipata kuandaliwa ugali wa muhogo uliokatwakatwa, ukachemshwa na mchuzi wa mukeke wa juzi na maharage. Tulikula kwa heshima ya mwenyeji, wala hatukuomba nyongeza. Na wali wahitaji hadhari zaidi. Katika joto la mji huu, wali ulioachwa nje usiku kucha huweza kuota vijidudu ambavyo sumu yake haiondolewi hata kwa kupasha moto. Wenye friji wauweke humo mapema. Asiye nayo ni heri apike wa kumalizwa usiku ule ule.

Neno lenyewe halijazeeka: magazeti ya michezo ya Tanzania huita kiporo hata mechi iliyoahirishwa. Tulilisema hilo darasani, na safari hii kicheko hakikumwelekea mtu.

Mwanafunzi yule aliandika insha yake upya. Aliongeza kwamba wageni hao ni shangazi zake, nao hupiga hodi alfajiri makusudi, kabla maharage hayajaisha.