Ndinga Imenyanyuliwa, Lakini Siyo kwa Mbwembwe: Stori ya Matairi Makubwa na Milima ya Uluguru

Pita Morogoro mjini asubuhi na mapema utaiona tu. Kirikuu imepakia kabichi mpaka zimepita kibanda, imesimama juu kuliko Kirikuu za mjini, tairi zimejaa mpaka zinakaribia kulamba madigadi. Vijana wanapiga picha, wanasema mwana kaamua kuitoa kibabe. Wapi! Kilichomtuma dereva siyo ubabe, ni mlima.

Uluguru siyo kichuguu. Kilele cha Lupanga, kile kinachouangalia mji, kina zaidi ya mita 2,100, na Kimhandu kule kusini kinapita 2,600. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, lakini iliishia kupita chini. Mzigo wa juu uliendelea kushuka kichwani mwa akina mama, kwa vijia vya kushika miti. Wakoloni wa Kiingereza nao waliuona mlima kama shamba la kurekebishwa, wakalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, hadi mwaka 1955 watu wa Matombo wakagoma na damu ikamwagika. Kule Mgeta matuta yalishika, mboga zikakubali, na soko lake likawa mjini na Dar. Sasa nani azibebe?

Jibu la kwanza lilikuwa Land Rover, hasa ile ndefu ya 109. Ilivaa tairi za 7.50-16, nyembamba, ndefu, zenye meno. Ikapandisha watu, mbuzi na magunia kwa pamoja, na kwa wengi wa Mgeta gari lenye heshima likawa na sura hiyo: tumbo juu, tairi refu.

Halafu zikaja pikapu ndogo. Hilux ya kwanza ilizinduliwa Japani mwaka 1968 ikisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ya kuvuta miguu yote minne ikaja 1979, wakati nchi imetoka vitani Uganda na spea ni za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, mlango ukafunguka, na baadaye mitumba ya Japani ikamiminika. Usukani ulikuwa tayari upande wetu. Tatizo likawa miguu.

Chukua Kirikuu yenyewe. Japani ni gari la kupeleka vikasha dukani: injini ya cc 660, mzigo halali kilo 350, tairi inchi 12. Ukilipandisha kutoka Sangasanga kwenda Mlali, Langali hadi Nyandira wakati wa masika, ekseli inalala juu ya tope katikati ya makorongo yaliyochimbwa na malori, tairi zinazunguka bure.

Hapo ndipo wanapoingia mafundi. Hesabu yao ni rahisi. Tairi ya 145/80R12 ina kimo cha milimita 537 hivi. Ya 155/80R13 inafika 578. Tofauti ni 41, lakini ekseli inapanda nusu tu, milimita 20. Vidole viwili visivyokamilika! Ila kwenye tope vidole hivyo ndiyo tofauti ya kufika na kulala njiani. Anayetaka zaidi anaongezewa bamba la springi nyuma. Fundi makini hatoi gari gereji bila kupandisha watu wanne nyuma na kukata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, asikilize kama tairi inasuguana na bodi.

Sasa hapa ndipo wapiga picha hawaoni. Spidomita inasoma 60, gari liko karibu 65. Gia zote zinakuwa ndefu, injini ndogo inakoroma mlimani, klachi inanuka. Hiyo ni kupanda. Kushuka ndiyo balaa lenyewe: breki ni zilezile za kiwandani, lakini sasa zinazuia gurudumu kubwa zaidi, na namba moja haiishiki injini kama zamani. Ongeza lumbesa za kabichi, maana huko kilo 350 ni za kwenye karatasi tu, na juu ya lumbesa amekaa mama mwenye mzigo na mwanaye.

Ndiyo maana madereva wazee wa njia hiyo wanawacheka vijana wanaovaa tairi pana za kung'aa. Kwao tairi nzuri ni nyembamba na yenye meno, inayokata tope mpaka ipate ardhi ngumu, ileile sura ya Land Rover. Na kabla ya kona kubwa za kushuka wanasimama, wanagusa rimu kwa kiganja. Ikiwaka moto, abiria wote wanashushwa watembee, na hakuna anayebisha.