Kijana ukipigwa tochi ya mwendokasi Mara: Hatua za kuchukua

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KIJANA wa miaka 18 au 19 aliyepata leseni juzi, akisimamishwa na askari wa usalama barabarani kati ya Bunda na Musoma na kuonyeshwa kuwa tochi imemnasa akikimbia kilometa 97 kwa saa mahali penye kibao cha 50, mara nyingi hufikiria jambo moja tu: namna ya kumficha baba mwenye gari. Kumficha hakusaidii, kwa kuwa deni la faini huweza kutafutwa katika mfumo wa Polisi kwa namba ya gari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, imeweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Magari ya abiria na yale yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka kilometa 80 hata nje ya makazi.

Jambo la kwanza ni kuisoma notisi kabla ya kuondoka: namba ya leseni, namba ya gari, mahali, saa na mwendo ulioandikwa. Kuilipa ni kukiri kosa. Asiyekubali anayo haki ya kusema hivyo, na shauri likapelekwa mahakamani, lakini awe na hoja. Omba kuona kipimo cha tochi, kisha kumbuka kibao kilikuwa wapi. Katika barabara kuu ya Mwanza, Musoma hadi Sirari, vijiji vimefuatana, na wengi hukanyaga mafuta wanapoipita nyumba ya mwisho ilhali kibao cha kumaliza 50 bado kiko mbele. Hoja ya “nyumba zilikuwa zimekwisha” haimsaidii mtu.

Kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo kwa gari ilikuwa Sh30,000 kwa kosa, na mwaka 2021 Serikali ilipunguza ya pikipiki na bajaji hadi Sh10,000. Lipa kiasi kilichoandikwa kwenye notisi, kwa namba ya malipo iliyotolewa, kupitia benki au simu, na utunze risiti. Fedha ya mkononi isiyo na risiti ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humbana mtoaji sawa na mpokeaji. Anayedaiwa “ya soda” aweza kuwapigia Takukuru bila malipo kwa namba 113.

Mwendo ukiwa mkubwa mno, au ukiambatana na kupita gari jingine mahali pabaya, askari aweza kumshitaki dereva kwa kuendesha kwa hatari. Hapo faini ya barabarani haimalizi jambo. Mahakama inaweza kumnyang’anya leseni kwa muda, na asiyefika siku ya kesi hujitafutia hati ya kukamatwa. Mzazi aambiwe siku hiyo hiyo, na wakili atafutwe kabla ya kujibu shitaka, si baada ya hukumu.

Aliye chini ya miaka 18 yuko katika hali mbaya zaidi, maana haruhusiwi kabisa kuwa na leseni ya gari. Mwenye gari aliyempa ufunguo naye ametenda kosa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kijana huyo bado ni mtoto, hivyo mzazi au mlezi asimwache aende kituoni peke yake.

Wako wanaodhani tochi ni mradi wa kukusanya fedha. Huenda malalamiko mengine yana msingi, ila hesabu haibadiliki: kwa kilometa 100 kwa saa gari hupita karibu meta 28 kila sekunde, na nguvu ya mgongano ni mara nne ya ile ya kilometa 50. Katika barabara hiyo hiyo, eneo la Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili ya abiria yaligongana Septemba 5, 2014, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Baada ya kulipa, hakiki kwamba deni limefutika katika mfumo, kwa namba ya leseni na kwa namba ya gari. Kisha ufunguo ubaki kwa mwenye gari kwa majuma kadhaa, na kijana aendeshe tu akiwa na mtu mzima pembeni, kwanza katika njia zenye vibao vingi.