Mpangaji wa Taru na Sheria ya Shilingi 2,500

Wengi wanaoandika kuhusu sheria za upangaji nchini Kenya huandika wakiwa Nairobi, na nyumba wanazozifikiria ni za Nairobi. Ndiyo sababu Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, hutajwa kana kwamba ilikwisha kuzikwa. Sheria hiyo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake sanifu haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mkazi wa Kilimani, au hata wa Nyali kule Mombasa, huuliza, kwa haki kabisa, ni nyumba gani siku hizi inayopangishwa kwa pesa hizo. Zipo. Zimepangana kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa, katika vituo kama Samburu, Taru na Mackinnon Road, ambako mwalimu aliyehamishwa kutoka mbali, kijana wa bodaboda na mama anayeuza chai kwa madereva wa malori wote wanaishi katika vyumba vya kupanga.

Hoja ya makala haya ni kwamba Sura ya 296 imebeba vitu viwili vilivyofungwa pamoja: bei na utaratibu. Upande wa bei umechakaa, na hakuna haja ya kuutetea. Upande wa utaratibu, yaani namna mpangaji anavyoweza kutolewa na namna mali yake inavyoweza kukamatwa, ndio ulinzi mkubwa alio nao mtu wa Taru. Anayetaka kuifuta sheria hii kwa sababu ya bei atakuwa ameufuta na utaratibu pia, na atakayeumia ni mpangaji maskini kuliko wote.

Tuanze na chumba chenyewe. Ni kimoja katika safu ya vyumba vya matofali ya simiti, paa la mabati, mlango wa bati wenye pete mbili za kufuli kwa nje. Choo na bafu ni vya ploti nzima. Maji hununuliwa kwa mtungi mfereji unapokauka, na katika nchi hii ya Waduruma, ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kiu, mfereji hukauka mara nyingi. Mkataba wa maandishi hakuna. Mpangaji alimpigia simu mwenye nyumba au alizungumza na msimamizi wa ploti, akatoa kodi ya mwezi wa kwanza na pengine amana, akapewa ufunguo. Mwenye nyumba ana daftari la mazoezi la shule, lenye majina upande wa kushoto na alama za vema upande wa kulia. Mpangaji ana jumbe za M-Pesa kwenye simu.

Jumbe hizo hazitoshi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba kiasi fulani kilitumwa kwa mtu fulani siku fulani. Hausemi kilikuwa cha mwezi gani, cha chumba kipi, wala kama kilikuwa kodi, deni au mkopo. Anayelipa 1,500 tarehe 5 na 500 tarehe 19, kisha akampa msimamizi wa ploti pesa taslimu mwezi unaofuata, baada ya mwaka mmoja hawezi kuthibitisha kwamba hadaiwi. Mwenye nyumba naye hawezi kuthibitisha kwamba anadai. Mizozo mingi ya kodi huanzia hapo, kwenye hesabu isiyoandikwa na mtu, na ni kosa kuihusisha na ukatili wa upande mmoja kabla ya kutazama daftari.

Hata hivyo, kukosa karatasi si kukosa haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inautambua upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa, upangaji huhesabiwa kuwa wa vipindi, na kipindi hufuata namna kodi inavyolipwa. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na notisi ya kumtoa haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Mwenye nyumba anabanwa na wajibu ambao sheria inauweka ndani ya mapatano hata kama hakuna aliyeutamka: amwache mpangaji akae kwa amani, na pale ambapo ni sehemu tu ya jengo iliyopangishwa, atunze paa, kuta kuu na mifereji ya maji machafu. Mafuriko au moto usiotokana na uzembe wa mpangaji ukiharibu chumba kisikalike, kodi husimama mpaka kitengenezwe. Kipengele hicho hakijulikani sana, na mvua za El Niño zilizoipiga Pwani mwishoni mwa 2023 zilikuwa nafasi nzuri ya kukitangaza. Mpangaji kwa upande wake analazimika kulipa kodi kwa wakati, kukitunza chumba, kukirudisha katika hali aliyokipokea isipokuwa uchakavu wa kawaida, na kutompangishia mtu mwingine bila idhini. Kuzuia kodi kwa sababu paa linavuja ni hatari kwake. Deni humweka mahali ambapo sheria inaruhusu atolewe, na paa halitakuwa kinga.

Juu ya msingi huo, Sura ya 296 inaongeza ukuta kwa wale walio ndani ya kiwango. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa sababu tu amempata mwingine anayelipa zaidi. Sababu zinazokubalika zimewekwa na sheria, zikiwemo kutolipa kodi, kuwaudhi majirani na mwenye nyumba kukihitaji chumba kwa makazi yake, na hata ikithibitishwa mojawapo, Baraza la Udhibiti wa Kodi, linaloamua kesi za sheria hiyo, lazima liridhike kwamba ni haki kumtoa. Kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi kunahitaji ruhusa ya Baraza. Na kumsumbua mpangaji ili ahame mwenyewe, kwa kumkatia maji au kumng'olea mlango, kumekatazwa. Kila mtu aliyewahi kupanga chumba ataelewa uzito wa maneno hayo, maana njia inayojulikana mtaani ni tofauti: kufuli la pili juu ya lile la mpangaji, au fundi anayepanda juu mchana na kuondoa mabati.

Upande wa bei, kwa kweli, hautetewi. Sheria inasema kodi sanifu ya nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981 ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Nyumba nyingine zote hupimwa na Baraza kwa kutazama gharama ya ujenzi na thamani ya ardhi. Hakuna uchumi unaoweza kusimama juu ya tarehe ya 1981, na wanaosema kwamba udhibiti wa kodi huwavunja moyo wajenzi wana hoja nzito kwa miji mikubwa. Lakini hoja hiyo haina nguvu Taru. Kodi ya huko inashushwa na ukosefu wa kazi, na sheria haina mkono katika jambo hilo. Reli ya kisasa ilipokuwa ikijengwa, kati ya 2014 na 2017, wafanyakazi walihitaji vyumba kwenye njia nzima. Ilipofunguliwa Mei 2017 na makontena yakahamia kwenye treni, miji ya malori kuanzia Mariakani hadi Mtito Andei ililalamika kwamba biashara imekufa. Chumba katika miji hiyo hukaa kitupu kwa kukosa mtu mwenye mshahara, na mwenye nyumba hana haja ya kusubiri serikali imwambie apunguze kodi.

Linganisha na upande wa pili wa Kwale, kaunti hiyohiyo ya Taru. Ukunda, wafanyakazi wa hoteli za Diani hupanga vyumba ambavyo kodi yake mara nyingi imeshavuka 2,500. Kwa kuvuka huko wametoka nje ya mamlaka ya Baraza, na kimbilio lao ni mahakama za kawaida au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Kwale. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na mishahara ikakatika, hakukuwa na sheria ya kitaifa iliyosimamisha kodi wala kuwazuia wenye nyumba kufunga milango. Ukweli mchungu ni kwamba mhudumu wa hoteli ya kitalii anayelipa 6,000 ana ulinzi mdogo kisheria kuliko muuza chai wa Taru anayelipa 1,800. Na muuza chai huyo akipanga kibanda cha biashara, analindwa na sheria nyingine tena, Sura ya 301 ya mwaka 1965, inayohusu maduka, hoteli na nyumba za vyakula, ambayo inadai notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu. Kwa hiyo jiko lake linaweza kuwa salama zaidi kuliko kitanda chake. Mpangilio wa namna hii hauna mantiki ya haki ndani yake. Ni mabaki ya nyakati tofauti yaliyorundikwa pamoja.

Ulinzi wa Taru, pamoja na hayo, umebaki wa kwenye vitabu. Mzozo wa chumba cha shilingi 1,800 haumsafirishi mtu hadi Mombasa kulitafuta Baraza, apoteze siku ya kazi, alipe nauli na apangiwe tarehe nyingine. Mji wa Kwale, makao makuu ya kaunti yake mwenyewe, hauko njiani. Kwa hiyo kesi huishia kwa mzee wa mtaa au kwa chifu. Sheria haimpi chifu mamlaka ya kuamua kesi ya kodi wala kuamuru mtu atolewe, lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi na njia za jadi za kumaliza mizozo. Mapatano yaliyofikiwa mbele ya wazee, yakaandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, yana thamani mbele ya hakimu baadaye. Yasipoandikwa hayana maisha marefu.

Umbali huo unamwumiza mwenye nyumba pia, na hapa watetezi wengi wa wapangaji hunyamaza. Katika miji midogo mwenye nyumba mara nyingi ni mstaafu au mjane aliyejenga vyumba sita kwa pesa za kiinua mgongo, anayeishi ploti ileile na kutegemea kodi hiyo kwa dawa na karo za wajukuu. Mpangaji akihama usiku na kodi ya miezi mitatu, yeye pia hana baraza la kwenda. Anapopandisha fundi kuondoa mabati anavunja sheria, na simtetei. Lakini anafanya hivyo kwa sababu njia halali imewekwa mbali mno, na kuongeza adhabu bila kusogeza baraza hakutamzuia.

Baadhi ya wenye nyumba hukataa kutoa risiti kwa hofu ya Mamlaka ya Mapato. Hofu hiyo ichunguzwe kwa hesabu. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, inaanzia kwenye mapato ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Mwenye vyumba kumi vya 2,000 kila kimoja, vikijaa miezi yote kumi na miwili, anapata 240,000. Hajafika. Risiti haimfichui kwa kitu chochote, na inampa ushahidi siku anapodai deni.

Kuna jambo lililo chini zaidi ya yote, nalo ni ardhi. Pwani ya Kenya inajulikana kwa nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na paa, na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa ijara. Huku bara ya Kinango, upande wa Taru, ardhi kubwa imekuwa ya jamii au ya ranchi za vikundi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilikuja kuipa sura mpya ya usajili. Mpangaji wa chumba cha namna hiyo asidhani kwamba kwa vile mwenye nyumba hana hati, basi kodi si ya lazima. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, haimruhusu mpangaji kukana haki ya mtu aliyempa chumba wakati upangaji ukiendelea. Lakini serikali ikitwaa ardhi kwa barabara au reli, Katiba katika kifungu cha 40 inaacha nafasi ya kuwafidia waliokuwa wakiikalia kwa nia njema bila hati, na mwenye kumbukumbu ya kodi ya miaka mitano ana kitu cha kuweka mezani. Asiye nayo huhesabiwa kuwa mpita njia.

Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulitaka kufuta Sura ya 293, inayohusu kukamata mali kwa deni la kodi, pamoja na Sura za 296 na 301, na kuweka sheria moja. Haukufika kuwa sheria. Wakati huohuo mwalimu wa Taru anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kwa ajili ya nyumba ambazo pengine hatazikaa, huku chumba anachokikaa leo kikiongozwa na sheria ambayo bado inahesabu kutoka 1981. Bunge litarudi kwenye suala hili, na litakaporudi lifungue kile kifurushi: liiache bei itafute kiwango chake, na utaratibu liutandaze kwa kila nyumba ya kuishi, ya 1,800 na ya 18,000, kwamba hakuna anayetolewa wala kukamatiwa mali bila amri. Uganda imekwenda njia hiyo. Sheria yake ya 2022 inadai amri ya mahakama kabla ya mpangaji kutolewa.

Kuna mambo yasiyohitaji kusubiri Bunge. Baraza la Udhibiti wa Kodi lipange vikao vya kuzunguka, hata mara moja kwa miezi mitatu, katika vituo vya barabara kuu kama Mariakani na Samburu. Serikali ya Kaunti ya Kwale ichapishe kitabu cha kodi cha kurasa chache, kwa Kiswahili, chenye nafasi ya mwezi, kiasi, namba ya chumba na sahihi mbili, na kigawiwe kupitia ofisi za machifu. Na wewe unayepanga au kupangisha leo, unapotuma kodi kwa simu, fuatisha ujumbe wa pili unaosema ni ya mwezi gani na ya chumba kipi, na umwombe mwenzako aujibu.